SOMO LA UTAWALA: KUUPIMA UTARATIBU WA AJAILI KATIKA KAZI ZA OFISI

Watumishi wa umma na wananchi kwa jumla wanaelezwa, kwa njia ya somo hili, namna ya kutambua kama ofisi iliyoingia katika utaratibu wa kuendesha miradi uitwao Ajaili inafaidika nao, au imebadilisha majina ya vikao tu.

Utaratibu huo ulipata jina lake mwezi wa Februari 2001, pale watengenezaji 17 wa programu za kompyuta walipokutana katika milima ya Utah, Marekani, na kutoa tamko fupi. Maana ya neno lenyewe ni wepesi. Badala ya kuandika mahitaji yote mwanzoni na kusubiri miaka hadi mfumo ukamilike, kazi hukatwa vipande vidogo. Kila kipande hutengenezwa kwa muda mfupi, aghalabu wiki mbili, kisha huonyeshwa kwa watakaokitumia, na maoni yao ndiyo huamua kipande kinachofuata.

Dalili za nje huonekana upesi: karatasi za rangi ukutani, vyeo vipya, na mkutano wa kila asubuhi usiozidi dakika 15 ambao wahusika huuhudhuria wakiwa wamesimama. Hizo hazithibitishi kitu. Mkutano wa asubuhi umekusudiwa wafanyakazi waambiane nani amekwama na nani wa kumsaidia. Ukigeuka kuwa baraza la kutoa taarifa kwa mkubwa, kila mmoja atasema mambo yanakwenda vizuri, na aliyekwama atabaki amekwama.

Kosa jingine, nalo limeenea mno, ni kuhesabu pointi. Kikundi hukadiria uzito wa kila kipande kwa pointi kilizojipangia chenyewe, ili kijue kinaweza kubeba kiasi gani katika wiki mbili zijazo. Pointi hizo ni kama kata ya jikoni: mpishi anajua kata ngapi zinatosha chungu chake, lakini hauzi mchele sokoni kwa kata hiyo. Mkubwa akidai pointi ziongezeke kila mwezi, hapana shaka zitaongezeka. Kazi ile ile iliyoandikwa pointi 3 itaandikwa 5. Kulinganisha pointi za vikundi viwili nako hakuna maana.

Inafaa basi kipimo kiwekwe kabla ya kazi kuanza. Ofisi inayotoa leseni, kwa mfano, na iandike kwanza: mwombaji husubiri siku ngapi, na maombi mangapi hurudishwa kwa makosa. Baada ya miezi sita hesabu hiyo irudiwe. Pamoja na hayo, msimamizi aulize swali moja ambalo majibu yake ni magumu kuyabuni: ni jambo gani lililokuwamo katika mpango likaachwa au kubadilishwa kwa sababu ya maoni ya watumiaji? Kikundi kisichoweza kutaja hata moja kinafuata mpango wa zamani kwa mwendo wa vipande.

Uingereza ililiona hilo kwa gharama kubwa. Wizara ya Kazi na Pensheni ilikusudia kuunganisha misaada 6 ya jamii kuwa malipo mamoja, Universal Credit, na ikachagua Ajaili ingawa haikuwahi kuitumia katika mradi wa ukubwa ule. Mikataba na taratibu za usimamizi zilibaki zile zilizotungwa kwa njia nyingine. Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Septemba 2013 ilieleza kwamba mradi ulijifungia kama ngome na taarifa njema ndizo zilizopanda juu. Mali ya kompyuta yenye thamani ya pauni milioni 34 ilikuwa imefutwa katika vitabu. Mfumo mpya ulijaribiwa baadaye, kuanzia Novemba 2014, kwa watu wachache wa Sutton, London, ukirekebishwa kidogo kidogo.

Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lina historia tofauti. Mwaka 2005 lilitupa mfumo wa kutunza majalada uliokwisha kula dola milioni 170. Uliofuata, Sentinel, ulianza mwaka 2006 kwa awamu nne chini ya kampuni ya mkataba. Hadi Agosti 2010 dola milioni 405 kati ya 451 zilikwisha tumika, na awamu mbili tu zilikuwa zimekabidhiwa. Ndipo Shirika likaichukua kazi lenyewe, likapunguza watu, na kwenda kwa vipindi vya wiki mbili.

Asiyejua angeihukumu kazi hiyo kwa tarehe, kwani Sentinel ilichelewa tena. Lakini sababu ya kuchelewa ndiyo yenye somo. Mwezi wa Oktoba 2011 mamia ya watumishi walipewa mfumo waujaribu kwa pamoja, nao ukazimika mara mbili. Ikabainika kwamba mitambo haikuwa na nguvu ya kuwahudumia watumiaji wote. Aibu hiyo iliandikwa wazi, mitambo ikashughulikiwa, na tarehe 1 Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika. Katika njia ya zamani kasoro kama hiyo ingegunduliwa siku ya uzinduzi.

Wala ukaguzi haukuishia hapo. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani aliwauliza watumiaji wenyewe, na katika ripoti yake ya mwaka 2014 wengi walisema Sentinel imeinufaisha kazi yao. Walilalamikia sehemu ya kutafutia majalada, ambayo mara nyingi haikuwapa walichokitaka. Lalamiko la namna hiyo halionekani katika hesabu ya pointi wala katika mkutano wa asubuhi. Hupatikana kwa kumwuliza anayekaa mbele ya mashine.