Judo: Jifunze kuanguka kabla ya kuangusha

Wakazi wengi wa mijini hushinda wameketi: ofisini, ndani ya matatu, kisha mbele ya runinga. Wanapoamua kunyoosha viungo, baadhi yao huvutiwa na judo, mchezo unaofunzwa katika klabu za mitaani na kumbi za jamii. Iwapo wewe ni mmoja wao, au una mtoto anayetaka kujiunga, fahamu jambo hili kabla ya kununua vazi jeupe na mkanda: mwanafunzi wa judo hufunzwa kuanguka kwanza, na kumwangusha mwenzake baadaye.

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano jijini Tokyo, Japani, mwaka wa 1882. Jina hilo lina maana ya njia ya upole. Kano alitaka mchezo ambao ungejenga mwili na tabia, na ambao wachezaji wawili wangefaidi pamoja badala ya kuumizana. Ndiyo sababu aliyeangushwa anastahili kuinuka salama.

Kwa nini kuanguka kufunzwe? Mtu anapoteleza, kwa kawaida hunyosha mkono ili ajizuie. Uzito wote wa mwili huishia kwenye kiganja, na hapo mfupa wa kifundo cha mkono au mtulinga huweza kuvunjika. Akianguka chali, kisogo hugonga sakafu.

Hatari hiyo si ya kubuni. Nchini Japani kwenyewe, kati ya 1983 na 2011, zaidi ya wanafunzi 100 walifariki kutokana na judo ya shuleni. Wengi waliumia kichwa, na wengi wao walikuwa ndio wanaanza. Ikumbukwe kwamba ubongo huweza kuumia kwa kutikiswa kwa nguvu, hata kama kichwa hakikugonga chini.

Mkufunzi mzuri atakufunza hatua kwa hatua. Utaanza ukiwa umelala chali, kisha umeketi, halafu umechuchumaa, na mwishowe umesimama. Mambo manne huzingatiwa:

Kwanza, bana kidevu kifuani na utazame fundo la mkanda wako. Hivyo kisogo hakitagusa chini.

Pili, pinda mgongo uwe mviringo ili mwili ubingirike badala ya kutua kwa kishindo.

Tatu, piga mkeka kwa mkono wote, kuanzia kiganjani hadi karibu na kwapa, kiganja kikiangalia chini. Mkono usiwe mbali sana na ubavu. Kishindo kitagawanyika badala ya kukusanyika mahali pamoja.

Nne, toa pumzi unapotua. Usiizuie.

Usijaribu haya nyumbani kwenye sakafu ya simiti. Mikeka ya judo hutengenezwa makusudi kupunguza kishindo, nayo haifai kuwa na nafasi katikati ambapo kidole cha mguu kinaweza kunasa.

Kabla ya kulipa ada, nenda klabuni ukatazame mazoezi siku moja. Je, wanaoanza wanafunzwa kuanguka, ama wanarushwa siku ya kwanza? Je, mtoto mdogo anapambanishwa na mtu mzima mwenye nguvu? Mwenzake akipiga mkeka kuonyesha ameshindwa, anaachiliwa mara moja? Usipopendezwa na majibu, tafuta klabu nyingine.

Muone daktari kwanza iwapo una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mifupa dhaifu, au uliwahi kuumia shingo. Mama mjamzito asishiriki. Aidha, kata kucha, fua vazi lako kila baada ya mazoezi, na usikanyage mkeka kwa viatu. Magonjwa ya ngozi kama choa huenea kwa urahisi pale watu wanaposhikana.

Mchezaji akiumwa na kichwa baada ya kuanguka, akihisi kizunguzungu, kichefuchefu, au asahau yaliyotokea, aache mazoezi papo hapo na asirejee siku hiyo hata akidai amepata nafuu. Akitapika mara kwa mara, akipoteza fahamu, akilemewa na usingizi usio wa kawaida, au maumivu yakizidi, apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Asirudi mkekani mpaka daktari amruhusu, kwa sababu pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kuua.

Mazoezi ya wiki chache za kwanza yatakuchosha, na huenda ukaona kwamba wenzako wanakutangulia. Usiharakishwe. Mwenda pole hajikwai, na hata akijikwaa, heri awe anajua kuanguka. Ujuzi huo utakufaa mkekani, na pengine siku utakapoteleza barabarani wakati wa mvua.