UFAHAMU: CHUI MILIA WA SARISKA

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

India ilianzisha mradi wa kuwahifadhi chui milia mwaka 1973, na mbuga ya Sariska, jimboni Rajasthan, ikaingizwa mwaka 1978. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa 2005 hapakusalia hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza kwa tamaa ya ngozi na mifupa, ilhali ripoti ziliendelea kuonyesha kwamba wapo! Wahesabuji walitegemea nyayo, na nyayo za mnyama mmoja ni rahisi kuhesabiwa mara mbili. Siku hizi hutegwa kamera zinazompiga picha kila apitaye. Milia ya kila mmoja ni ya pekee, mithili ya alama za vidole vyetu.

Mwaka 2008 chui milia waliletwa kwa helikopta kutoka Ranthambore, na 2012 wakazaa. Lakini wafugaji waishio mbugani walitakiwa kuhama. Je, aliyezaliwa humo aende wapi?

Maswali
1. Kwa nini hesabu ya nyayo haikuaminika? (alama 2)
2. "Hifadhi ya karatasini haimlindi mnyama." Thibitisha ukirejelea kifungu. (alama 4)
3. Je, ni haki kuwahamisha wafugaji? Toa hoja mbili, usinakili kifungu. (alama 4)