Mtoto wa mbuzi amelegea: pima sukari kabla hujawasha jiko

Huku milimani baridi imeshaingia, na simu zangu nyingi za usiku ni za aina moja: "Bwana mifugo, mbuzi kazaa watatu, mmoja kalegea, mdomo wa baridi kabisa. Nimeshamweka karibu na jiko." Hapo kwenye jiko ndipo ninaposhtuka, na leo nataka nieleze kwa nini.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliitwa kwa kijana mmoja aliyekuwa ameanza na mbuzi watano wa maziwa. Mtoto alizaliwa usiku wa manane, mimi nikafika asubuhi jua limeshachomoza. Alikuwa amelala ubavu, hawezi hata kuinua kichwa. Nikamweka kwenye boksi na chupa za maji ya moto, nikajiona nimefanya kazi. Mwili ukaanza kupata joto kweli. Kisha ghafla akakakamaa, kichwa kikarudi mgongoni, miguu ikapiga-piga, akafa. Yule kijana akaniuliza, "Sasa daktari, si alikuwa anapona?" Sikuwa na jibu.

Jibu nilikuja kulipata baadaye. Mtoto wa mbuzi huzaliwa na akiba ndogo ya mafuta maalumu ya kuchoma ili apate joto, pamoja na sukari kidogo iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli. Asiponyonya, akiba hiyo huweza kuisha ndani ya saa tano hivi, na kwenye baridi au akiwa bado amelowa huisha haraka zaidi. Ikiisha, sukari ya damu inashuka. Mwili ukiwa wa baridi, ubongo nao unafanya kazi polepole na kutumia sukari kidogo, kwa hiyo mtoto anabaki hai kwa kulegea tu. Ukimpasha joto bila kumpa sukari, ubongo unaamka na kudai chakula ambacho hakipo. Ndiyo degedege ile niliyoiona.

Kwa hiyo maswali ni matatu: ana saa ngapi tangu azaliwe, joto lake likoje, na sukari yake ikoje. Saa andika ukutani, usitegemee kumbukumbu ya usiku. Joto unapima kwa kipimajoto cha kawaida njia ya haja kubwa. Mzima huwa na kama 38.5 hadi 39.5. Akishuka chini ya 37 ni dharura.

Sukari unapima kwa mashine ile ile wanayotumia wagonjwa wa kisukari nyumbani. Imetengenezwa kwa damu ya binadamu, kwa hiyo namba inaweza kupotoka kidogo kwa mbuzi. Mimi sigombanii pointi, naangalia kama iko chini sana na kama inapanda au inashuka. Shika sikio lake kwenye kiganja mpaka lipate joto, maana sikio la baridi halitoi damu. Futa kwa spiriti halafu subiri ikauke kabisa, la sivyo spiriti inaharibu jibu. Choma pembeni mwa sikio penye mshipa mdogo, pata tone moja. Na stripu zako zikae kwenye kopo lake limefungwa. Nimekuta stripu zimewekwa dirishani juani, halafu mtu analaumu mashine.

Mashine nyingi huku zinasoma kwa milimoli. Mtoto ambaye bado hajanyonya kuwa na namba ndogo si ajabu. Akishapata dang'a inapanda, na aliyeshiba vizuri kwa kawaida utamkuta kwenye 5 au zaidi. Chini ya 2 ni hatari. Kati ya 2 na 3.5 mimi namlisha dang'a na kupima tena baada ya saa moja. Mashine ikiandika LO, maana yake sukari iko chini hata ya uwezo wake wa kusoma; usirudie-rudie kuchoma, anza tiba.

Tiba inategemea saa. Aliye chini ya saa tano, hata kama ni wa baridi, mara nyingi akiba bado ipo: mkaushe vizuri, mpashe joto, kisha mpe dang'a. Aliyepita saa tano, ana baridi chini ya 37 na hawezi kushikilia kichwa, huyo anapata sukari kwanza, joto baadaye. Na sukari yenyewe haipitii mdomoni. Jamani, acheni kumimina soda au maji ya sukari kwenye mdomo wa mtoto asiyeweza kumeza, yanaingia kwenye mapafu na unamuua kwa mkono wako.

Anachomwa glukosi ya asilimia 20 tumboni, mililita 10 kwa kila kilo. Glukosi inayopatikana kirahisi madukani ni ya asilimia 50. Kwa mtoto wa kilo 3 vuta mililita 12 za hiyo, ongeza mililita 18 za maji safi ya sindano, jumla 30, na uache bomba ndani ya maji ya uvuguvugu mpaka dawa ifikie joto la mwili. Mtoto ananing'inizwa kwa miguu ya mbele, sindano inaingia sentimita 2.5 chini ya kitovu na sentimita 2.5 pembeni yake, ikielekea nyuma kwenye shina la mkia. Usijifunzie kwenye maandishi haya. Mwombe daktari wa mifugo wa eneo lako akuoneshe kwa mkono mara ya kwanza, mchana, kabla mbuzi hajazaa.

Ukishachoma ndipo unaleta boksi, chupa za moto zilizofungwa nguo, au taa. Pima joto kila nusu saa. Akivuka 37 na akawa anashikilia kichwa na kumeza, mpe dang'a mililita 50 kwa kilo, kwa chupa au kwa mpira wa kulishia kama unajua kuutumia. Kwa saa 24 za kwanza lengo ni mililita 200 kwa kilo, kwa hiyo wa kilo 3 anahitaji 600.

Huna haja ya kuchoma kila mtoto zizini, utamaliza stripu bure. Mimi napima wale mapacha watatu, walio chini ya kilo 2, ambao mama yao alichelewa kujifungua, na yeyote ambaye saa moja imepita hajasimama. Napima tena kabla ya mlo unaofuata mpaka namba nzuri zije mara mbili mfululizo. Anayelishwa vizuri halafu sukari bado inashuka, hapo usiongeze sukari tu. Angalia kitovu, maana huenda maambukizi yameshaingia kwenye damu, na huyo anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Wiki iliyopita simu ililia saa kumi alfajiri. Mtoto alizaliwa saa mbili usiku, joto 36.2, sukari 1.4. Kijana alikuwa ameshafundishwa kuchoma, nikamwambia jiko aliache kwanza. Nusu saa baadaye akanitumia picha ya mashine: 4.9. Saa moja na nusu asubuhi mtoto akawa anashika kichwa, akapata dang'a ya kwanza. Nilipofika nikakamua chuchu za mama yake. Moja ilikuwa imeziba kwa ile nta ya kawaida, na ndugu zake wawili walikuwa wameshika ile nyingine tangu jioni. Niliminya kidogo, nta ikatoka, maziwa yakaruka. Kazi hiyo ya kujaribu chuchu zote mbili baada ya mbuzi kuzaa haichukui hata dakika moja, na haina stripu.