Ijumaa Bila Nyama, Nyumba Bila Ugomvi



Katika mafundisho ya ndoa hapa Majengo, Meru, kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni dogo mno kuletwa kanisani: "Katekista, siku ya Ijumaa nimpikie mzee nini?" Anayeuliza karibu kila mara ni mama. Swali hilo si dogo. Nyumba nyingi hazivunjwi na makosa makubwa. Huchakaa polepole kwa maneno makali yanayosemwa jioni, wakati wote wawili wamechoka na wana njaa.

Tuangalie jioni ya kawaida. Mama ametoka soko la Gakoromone saa kumi na mbili na nusu, miguu inamuuma. Baba anafika saa moja. Watoto wanalia njaa. Sahani inapofunuliwa hakuna nyama, na baba anasema, "Kwani mimi ni mbuzi nile majani?" Mama anajibu, naye ana ya kujibu. Wanalala wamepeana migongo. Je, hiyo ni Ijumaa ya toba?

Kanisa linatufundisha nini?

Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1251 na ya 1252, zinaiweka Ijumaa kuwa siku ya kujinyima nyama, au chakula kingine kadiri Baraza la Maaskofu linavyoagiza, isipokuwa Ijumaa hiyo ikiangukia sherehe kuu. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tunajinyima nyama na pia tunafunga. Kujinyima nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14. Kufunga kunawahusu watu wazima hadi waanzapo mwaka wa 60. Lakini someni pia Isaya sura ya 58. Nabii anawakemea watu waliofunga huku wakigombana na kuwaonea wengine. Basi anayejinyima nyama halafu akamrarua mwenzake kwa ulimi, amejinyima nini?

Chakula cha haraka: ugali na uyoga

Tunapendekeza chakula kinachoiva kwa muda wa dakika 40 hivi, hata kwa jiko moja. Tusidhani kwamba ni chakula cha shida tu. Wamisionari wa Consolata, waliofika Kenya mwaka 1902, walitoka Torino, kaskazini mwa Italia. Huko watu wa kawaida wamekula ugali wao wa mahindi, uitwao polenta, kwa vizazi vingi, na hupenda kuula kwa uyoga. Unga wa polenta ni wa chenga, kwa hiyo hukorogwa muda mrefu kuliko wetu. Historia yao pia inatuonya: maskini waliokula polenta peke yake mwaka mzima walipatwa na pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili unaoletwa na upungufu wa vitamini. Ugali unahitaji mwenzake, kama vile mume anavyomhitaji mke.

Mahitaji kwa watu watano: uyoga wa kulimwa nusu kilo, vitunguu viwili, nyanya tatu, kitunguu saumu, dania, mafuta vijiko viwili, chumvi, maji vikombe vitano na unga wa mahindi vikombe vitatu hadi vinne. Ongezeni bakuli la njahi au ndengu zilizochemshwa tangu jana. Uyoga una ladha nzuri lakini protini yake ni kidogo kuliko ya nyama, kwa sababu sehemu kubwa ya uyoga ni maji. Njahi zitaziba pengo hilo.

Jinsi ya kupika mkiwa wawili

1. Mmoja awashe jiko. Mwingine asuuze uyoga upesi bila kuuloweka, maana hunyonya maji, kisha auchane kwa vidole vipande virefu.

2. Mafuta yakipata moto, tieni uyoga peke yake. Utatoa maji mengi. Msiwe na haraka. Yaacheni yakauke hadi uyoga uanze kubadilika rangi. Wakati huo mwingine anakata vitunguu na nyanya.

3. Tieni vitunguu na kitunguu saumu, kisha nyanya. Nyanya zikilainika, changanyeni njahi, tieni chumvi na dania. Funikeni na muweke kando.

4. Injikeni maji ya ugali. Yakichemka, nyunyizeni unga kidogo, kisha ongezeni mkikoroga na kugandamiza mabonge kwa mwiko. Punguzeni moto, geuzeni, funikeni. Baada ya dakika kama 12 ugali utanukia na kuachana na sufuria. Huo umeiva. Kuleni ungali moto.

Tahadhari mbili

Kwanza, msiokote uyoga wa porini msioujua, na muwakataze watoto wakati wa mvua. Aina fulani huua, na kupika hakuondoi sumu yake. Dalili za sumu iliyo mbaya zaidi huchelewa saa sita au zaidi. Mgonjwa hutapika na kuhara, kisha huonekana amepata nafuu huku ini likiharibika. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga.

Pili, chungeni mahindi mnayopeleka posho mill. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumu ya ukungu, yaani aflatoksini. Kusaga wala kusonga ugali hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yaliyoota ukungu msiyale, hata kama yamebaki hayo tu ghalani.

Neno kwa waume

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mwanamume aliyetahiriwa hana kazi jikoni. Tunawaheshimu wazee waliotulea. Lakini katika siku zao mama hakutoka sokoni jioni akiwa na vikapu viwili, akakuta chumba kimoja cha kupanga na jiko mlangoni. Bwana, ukichana uyoga na kukata nyanya hupotezi heshima. Watoto wako wa kiume wanakutazama, na hivyo ndivyo watakavyowatendea wake zao.

Neno kwa wake

Mama, akikata nyanya vipande vikubwa, vipikwe hivyo hivyo. Usimcheke mbele ya watoto, wala usimpeleke kwa majirani kama habari. Mwanamume aliyechekwa jikoni mara moja harudi tena.

Na nyote wawili, mwiko ukiwa mkononi msianze habari za karo na deni la dukani. Yana wakati wake, baada ya kula. Mkiwa jikoni ulizaneni tu: leo ilikuwaje? Wako wanandoa wanaoishi chumba kimoja na hawajaulizana hivyo kwa miezi.

Fedha ambayo mngenunulia nyama wekeni kwenye mkebe. Mwisho wa Kwaresima mpeni mgonjwa au mjane wa jumuiya yenu. Hapo kujinyima kwenu kutakuwa kumemlisha mtu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, nani kati yetu huchoka zaidi jioni? Tumewahi kuambiana?

2. Ni neno gani lililosemwa mezani ambalo bado linamuuma mmoja wetu?

3. Wana wetu na binti zetu wanajifunza nini kuhusu ndoa wanapotuona wakati wa kupika?

Zoezi la wiki: Ijumaa ijayo pikeni chakula hiki pamoja. Baba aanze kwa kusema, "Mama watoto, nipe kisu." Mama ampe, bila neno lingine.