Oili ya Haidroliki Ikigeuka Nyeupe: Ziba Njia ya Maji Kwanza

Tambua tatizo

Baada ya masika, trekta linalonyanyua jembe kwa kusitasita mara nyingi husingiziwa pampu mbovu. Kabla ya kununua pampu, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nzima huwa angavu. Ikifanana na chai ya maziwa, kuna maji ndani. Hata hivyo, hewa nayo huleta ukungu, kwa hiyo hakikisha: chota oili kidogo kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Mapovu ya hewa hupanda na oili hung'aa tena baada ya muda mfupi. Yenye maji huamka kesho yake ikiwa bado nyeupe, au maji yakiwa yametuama chini.

Kwa nini usingoje

Kwenye matrekta mengi, yakiwemo Massey Ferguson 135 yanayojulikana sana mashambani kwetu, oili inayolainisha gia na difu ndiyo hiyo hiyo inayonyanyua jembe. Maji yakiingia upande mmoja yamefika kote. Utando wa oili hutenganisha chuma na chuma. Maji hayana uwezo huo, hivyo beringi na pistoni za pampu husagana. Trekta likilala wiki kadhaa bila kazi, kutu hushika vali, na hapo hata oili mpya haitalitibu.

Wapo wasemao maji yatakauka yenyewe kwa joto la kazi. Ni kweli kiasi fulani hugeuka mvuke, lakini oili hiyo kwa kawaida hufanya kazi chini ya nyuzi joto 100, tena ndani ya boksi lililofungwa. Usiku chuma kikipoa, mvuke hugeuka matone na kurudi chini. Wengine hulegeza nati ya chini, wakatoa maji yaliyotuama, wakafunga. Hilo husaidia kwa maji yaliyojitenga tu; yaliyokwisha kuchanganyika na oili hayashuki.

Hoja nzito zaidi ni gharama, kwa kuwa trekta moja humeza makumi ya lita. Lakini gharama hiyo ndiyo sababu ya kutafuta kwanza maji yalikopita. Kagua mpira wa shina la gia, kwani ukipasuka mvua hutiririka moja kwa moja ndani. Kagua kifuniko cha kujazia, kipumulio na sili. Kumbuka pia kama trekta liliwahi kuzama kwenye jaruba au kuoshwa kwa maji ya presha. Anayebadilisha oili bila kuziba tundu atainunua mara mbili.

Namna ya kusafisha

Fanya kazi kidogo oili ipate joto, shusha mikono ya kunyanyulia ili oili ya kwenye silinda irudi, zima injini, kisha mwaga yote chomboni. Badilisha filta au safisha chujio. Usisuuze kwa dizeli, kwani inayobaki huifanya oili mpya kuwa nyepesi. Jaza oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha trekta, nyanyua na kushusha mikono mara kadhaa, kisha pima tena kwa chupa. Weupe ukirudi, rudia kumwaga. Oili chafu usiimwage mtaroni wala shambani. Mvua kubwa ikishanyesha, chomoa kijiti tena: oili ikiwa bado angavu, njia ya maji imezibwa.