Maana ya Idd Kubwa

Kila mwaka Waislamu husherehekea Idd mbili. Ya kwanza ni Idd Ndogo, ijayo baada ya saumu ya Ramadhani. Ya pili ni Idd Kubwa, nayo huwa siku ya kumi ya Mfunguo Tatu. Watu wengi wasio Waislamu huwaona majirani zao wakichinja, wala hawajui sababu yake. Kwa hiyo yafaa tuieleze.

Siku hiyo ni ukumbusho wa Nabii Ibrahimu. Waislamu husimulia kwamba Mwenyezi Mungu alimjaribu kwa kumwonyesha ndotoni kuwa amchinja mwanawe. Baba alikuwa tayari kutii, na mwana, ambaye wanazuoni wengi wa Kiislamu husema alikuwa Ismaili, alikubali kwa subira. Ndipo Mungu alipomzuia Ibrahimu, akamkomboa kijana kwa mnyama wa kuchinjwa.

Siku ya tisa mahujaji husimama Arafa, karibu na Makka, wakiomba dua. Walio makwao huhimizwa kufunga siku hiyo. Asubuhi ya Idd watu huoga, huvaa nguo nzuri na kwenda kusali. Kuchinja ni baada ya sala; achinjaye kabla yake amepata kitoweo tu, si dhabihu. Aliyechelewa aweza kuchinja hata jua la siku ya kumi na tatu litue.

Mnyama asiwe kipofu, kiguru, mgonjwa wala aliyekonda. Mbuzi au kondoo mmoja huchinjwa na mtu mmoja, lakini watu saba waweza kushirikiana ng'ombe mmoja. Desturi ya wengi ni kugawa nyama mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na rafiki, na la maskini. Nyama na ngozi haziuzwi, wala mchinjaji halipwi ujira kwa nyama hiyo.

Je, asiye na mali afanyeje? Waislamu wengi wa pwani ya Kenya hufuata madhehebu ya Shafi, na kwao kuchinja ni sunna kwa mwenye uwezo, si faradhi. Basi maskini asiyechinja hana dhambi, wala hana haja ya kukopa ili asipitwe na jirani. Kurani, katika Sura ya Haji, yafundisha kuwa Mungu hana haja ya nyama wala damu, bali hutazama uchaji wa moyo.

Wengine huuliza kwa nini Idd haina tarehe moja. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, una siku 354 au 355. Kwa hiyo Idd hutangulia siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka, na huzunguka majira yote katika miaka 33 hivi. Mkulima huweza kuiona wakati wa kupanda, na baada ya miaka akaiona wakati wa kuvuna.

Basi, msomaji, umwonapo jirani akipeleka bakuli la nyama kwa mjane siku hiyo, ujue kwamba hilo ndilo fungu la tatu, na kwamba bila hilo karamu yake ina upungufu.