Somo kwa Makatibu: Diski ya Mtandao Isipoonekana Katika Kompyuta za Chama



Vyama vya msingi vingi siku hizi haviweki hesabu zake katika daftari peke yake. Mapokezi ya mazao, orodha ya hisa na malipo ya wanachama huandikwa katika kompyuta, na baadhi ya vyama vimenunua diski ya mtandao ili makarani wawili au watatu wapate kutumia majalada yale yale. Hatua hiyo ni njema. Lakini hutokea kompyuta ikafunguliwa asubuhi na diski isionekane, huku wanachama wamekwisha panga mstari wakingoja malipo. Somo hili laeleza mambo yapasayo kutendwa siku hiyo, na yasiyopasa kutendwa kamwe.

DISKI YA MTANDAO NI KITU GANI

Ni kisanduku chenye diski moja au zaidi, na ndani yake mna kompyuta ndogo inayojitegemea. Huunganishwa kwa waya na ruta ya ofisi, na kompyuta zote huifikia kwa kupitia ruta hiyo. Kompyuta za Windows huzungumza nacho kwa lugha iitwayo SMB, ambayo asili yake ni kazi ya Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mwaka 1983. Visanduku vingi huitumia lugha hiyo kwa msaada wa programu iitwayo Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia, na ambayo hutolewa bure.

Yafaa tukifananishe kisanduku hicho na bohari. Mtu akishindwa kuifikia bohari, sababu zaweza kuwa nne: bohari imefungwa, njia imekatika, kibao cha jina kimeanguka, au ufunguo haukubaliwi. Katika hali zote nne mazao yangali ndani. Vivyo hivyo, diski isiyoonekana siyo diski iliyopotea. Anayeelewa jambo hili hataharakisha kuvunja mlango.

MAMBO MATATU YALIYOKATAZWA

Kwanza, msichomoe diski kutoka katika kisanduku. Pili, msibonyeze kitufe cha kurudisha kisanduku katika hali ya kiwandani. Tatu, kompyuta ikiuliza kama diski ifomatiwe, jibu ni hapana.

Sababu yake ni hii. Visanduku vingi hupanga maandishi ndani ya diski kwa utaratibu wa Linux, kama vile ext4 au Btrfs. Windows yenyewe haisomi utaratibu huo. Diski ikiunganishwa moja kwa moja na kompyuta ya Windows, kompyuta huiona kama diski isiyoandaliwa, na huomba ruhusa ya kuiandaa upya. Anayekubali huwa amefuta njia ya kuyafikia maandishi yote.

Katika chama kimoja nilichokikagua, fundi aliyeitwa alifanya hivyo hasa. Baadaye ilibainika kwamba kasoro ya awali ilikuwa waya uliolegea nyuma ya ruta. Mapokezi ya msimu mzima yalibidi yaandikwe upya kwa kukusanya stakabadhi mikononi mwa wanachama. Mwenye stakabadhi alilipwa. Aliyeipoteza alibaki na malalamiko, na kamati haikuwa na la kumjibu.

MASWALI MANNE YA KUTAFUTA KASORO

Kabla ya yote, ulizeni: je, diski haionekani katika kompyuta zote, au katika kompyuta moja tu? Ikiwa ni zote, tazameni kisanduku, waya na ruta. Ikiwa ni moja, kasoro imo katika kompyuta hiyo au katika muungano wake, na kisanduku kiachwe kama kilivyo.

1. Je, kisanduku ki hai?

Tazameni taa zake. Umeme ukikatika na kurudi, visanduku vingine haviwaki vyenyewe mpaka kitufe kibonyezwe. Kikiwashwa, kingojeni dakika kumi kabla ya kukihukumu, maana huenda kinakagua diski zake. Kisha tazameni taa ndogo pale waya wa mtandao unapoingia. Ikiwa imezimika, sukumeni waya mpaka usikike umekaa, au jaribuni waya mwingine na tundu jingine la ruta.

2. Je, njia ipo?

Kompyuta na kisanduku sharti viwe katika mtandao mmoja. Kasoro ya kawaida katika ofisi zetu ni karani kuunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake pale intaneti ya ofisi inapokwisha, kisha akasahau kuirudisha. Kompyuta hiyo hupata intaneti, lakini haiwezi kukiona kisanduku. Vilevile mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi huutoa, kwa kawaida huwazuia wageni wasifikie vyombo vya ofisi.

Someni anwani ya kompyuta. Tuseme anwani ya kompyuta ni 192.168.1.20, na ya kisanduku ni 192.168.1.50: katika ruta ya kawaida ya ofisi hao ni majirani. Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake haikupewa anwani na ruta. Tazameni waya au washeni ruta upya. Anwani ya sasa ya kisanduku huonekana katika orodha ya vyombo ndani ya ruta. Kumbukeni kwamba baada ya umeme kukatika ruta yaweza kukipa kisanduku anwani mpya, na njia ya mkato iliyokuwa katika kompyuta ikawa yaelekea mahali pasipo na mtu.

3. Je, ni kibao tu kilichoanguka?

Fungueni dirisha la majalada, na katika mstari wa anwani andikeni \\192.168.1.50, yaani mikwaju miwili ya kurudi nyuma ikifuatwa na anwani ya kisanduku chenu. Majalada yakifunguka, au hata jina na neno la siri vikiulizwa, bohari ipo na njia ipo. Kilichokosekana ni jina katika orodha. Kazi ya siku yaweza kuendelea.

Kasoro hii ina historia yake. Zamani majina katika orodha hiyo yalitegemea toleo la kwanza la lugha ya SMB. Tarehe 12 Mei mwaka 2017 programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ilipenya kwa udhaifu wa toleo hilo, ikafunga majalada katika kompyuta za nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, Microsoft iliacha kuliweka toleo hilo katika kompyuta mpya. Visanduku vya zamani vikatoweka katika orodha, ingawa vilikuwa vizima.

Mafundi wengine hushauri toleo hilo la kwanza lirudishwe. Msikubali. Dawa ni kusasisha programu ya kisanduku na kuchagua toleo la 2 au la 3. Ikiwa kisanduku ni kikuukuu hata hakiyajui matoleo hayo, majalada yahamishwe na chombo kibadilishwe.

Tazameni pia kama Windows imeuandika mtandao wa ofisi kuwa wa hadharani. Ikiwa ndivyo, kompyuta hujificha na haitafuti wenzake. Uandikwe kuwa wa faragha, lakini katika mtandao wa ofisi peke yake.

4. Je, ufunguo unakubaliwa?

Visanduku vingine viliruhusu kila mtu kuingia kama mgeni, bila neno la siri. Windows 11 Pro, tangu toleo lililotolewa mwaka 2024, hukataa mlango huo kwa kawaida yake. Ndiyo sababu kompyuta mpya yaweza kukataliwa pale ambapo ya zamani inaingia. Mpeni kila karani jina lake na neno lake la siri. Jambo hilo hurahisisha na ukaguzi, maana kisanduku chaweza kupangwa kionyeshe nani aliingia na lini. Ikiwa neno la siri lilibadilishwa, futeni lile la zamani lililohifadhiwa ndani ya kompyuta, kisha jaribuni tena.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Katika ruta, kitengeeni kisanduku anwani moja ya kudumu, na anwani hiyo iandikwe katika daftari la mali ya chama pamoja na aina ya kisanduku na tarehe ya kununuliwa. Maneno ya siri yawekwe katika bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu.

Tena, diski mbili ndani ya kisanduku kimoja siyo nakala mbili. Zinasaidia diski moja ikifa. Hazisaidii kitu mwizi akibeba kisanduku, moto ukiwaka, au karani akifuta jalada. Kila juma nakala iwekwe katika diski ya pembeni, na diski hiyo ichomolewe na kutunzwa katika jengo jingine. Mara kwa mara fungueni jalada moja kutoka katika nakala hiyo, mhakikishe kwamba linasomeka. Kila mwisho wa mwezi, orodha ya madai na malipo ya wanachama ipigwe chapa na kutiwa sahihi na katibu na mweka hazina.

Wajibu huu si wa karani pekee. Miongoni mwa kanuni za ushirika zilizotangazwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, ya tano ni elimu, mafunzo na habari. Kamati isiyojua hesabu za wanachama zimehifadhiwa wapi haiwezi kusema kwamba inazilinda.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA CHAMA

1. Kisanduku cha chama chetu kina anwani gani, nayo imeandikwa wapi?
2. Diski isipoonekana siku ya malipo, nani ana mamlaka ya kumruhusu fundi aiguse?
3. Nakala yetu ya mwisho ni ya tarehe gani, na imetunzwa katika jengo lipi?
4. Kama kisanduku kingeibwa usiku huu, tungemlipa mwanachama kwa kutegemea kumbukumbu ipi?